Bohari Ndiyo Inayopigana: Mafunzo ya Mchezo wa Vita vya Baharini

Mchezaji wa bao la Kiswahili haanzi kwa kumwaga kete zake zote ubaoni. Kati ya kete 32 alizo nazo, kumi tu ndizo zinazopangwa: sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Kete 22 zilizosalia hubaki mkononi mwake kuwa akiba, naye huziingiza moja moja wakati wa kunamua. Mchezaji anayezitumia pasipo hesabu hufika kwenye mtaji akiwa na mashimo matupu, na hapo hata ujanja wake wote haumfai kitu.

Kanuni hiyo ya akiba ndiyo roho ya michezo mingine mikubwa zaidi, ile inayoigiza vita vya baharini. Mtu anayeitazama michezo hiyo kwa mara ya kwanza huvutiwa na manowari, mizinga na ndege. Lakini mchezaji mzoefu hutazama kwingine. Yeye huuliza: mafuta yako wapi, meli za kuyabeba ni ngapi, gudi la kutengenezea meli iliyoumia liko umbali gani, na karakana itamaliza lini kazi iliyo mikononi mwake? Majibu ya maswali hayo huamua vita kabla mzinga wa kwanza haujalia.

SAKAFU YA NEWPORT

Mchezo wa vita ni zoezi la maofisa watu wazima. Huchezwa juu ya ramani, kwa vielelezo vidogo vya meli, kwa dadu za kubahatisha matokeo, na mbele ya waamuzi. Chuo cha Jeshi la Majini la Marekani kilichoko Newport, katika jimbo la Rhode Island, kilianzishwa mwaka 1884. Miaka mitatu baadaye ofisa mmoja, William McCarty Little, alianza kufundisha mchezo huo chuoni hapo, na baina ya vita viwili vya dunia ulichezwa zaidi ya mara 300. Sakafu ya ukumbi iligawanywa miraba ikawa bahari. Marekani iliitwa Buluu, na Japani ikaitwa Chungwa.

Katika michezo ya awali, wachezaji wengi wa upande wa Buluu walitaka kuvuka Bahari ya Pasifiki kwa haraka ili wafike Ufilipino na kupigana pambano moja kubwa. Sakafu iliwafundisha adabu. Mkataba wa Washington wa mwaka 1922 ulikuwa umekataza kujenga ngome na vituo vipya vya kijeshi katika visiwa vingi vya magharibi ya bahari hiyo. Basi manowari iliyopigwa huko ilikosa mahali pa kutengenezwa. Ilibidi irudi Hawaii, safari ya maelfu ya maili. Meli iliyofika na tangi nusu haikuwa na pa kujaza. Kundi lililoondoka na nguvu kubwa lilifika limechoka, huku adui akingoja karibu na nyumbani kwake.

Ndiyo maana katika miaka ya 1930 mipango ilibadilika. Maofisa walianza kufikiri juu ya kusonga mbele hatua kwa hatua, kisiwa baada ya kisiwa, na kuichukua bandari pamoja na jeshi badala ya kutarajia kuikuta mbele. Chester Nimitz, aliyekuwa mwanafunzi chuoni hapo mwaka 1922 na 1923, ndiye aliyekuja kuongoza majeshi ya majini ya Marekani katika Pasifiki tangu mwisho wa mwaka 1941. Baada ya vita alieleza kwamba karibu kila lililotokea lilikuwa limekwisha kuchezwa ukumbini Newport, isipokuwa marubani wa Japani waliojitupa na ndege zao juu ya meli.

Matunda ya mafunzo hayo yalionekana Ulithi, kisiwa cha matumbawe katika visiwa vya Caroline, ambacho Wamarekani walikitwaa mwezi Septemba 1944. Ndani ya wangwa wake wenye maji matulivu kulitia nanga mji mzima unaoelea: meli za mafuta, meli za risasi, karakana, hospitali, meli za kusafisha maji ya chumvi yawe ya kunywa, na magudi ya kuelea. Hata aisikrimu ya mabaharia ilitengenezwa katika mashua maalumu. Worrall Carter, mkuu wa kikosi kilichosimamia huduma hizo, aliandika kitabu baada ya vita na kukiita Beans, Bullets, and Black Oil, maana yake maharage, risasi na mafuta meusi. Hayo ndiyo majina matatu ya ushindi wa baharini.

MNYORORO WA VITU

Siku hizi sakafu ya ukumbi imeingia ndani ya kompyuta. Miongoni mwa michezo inayosifiwa kwa hesabu zake nyingi ni War in the Pacific: Admiral's Edition, uliotoka mwaka 2009. Mchezo huo huigiza vita vya Pasifiki siku moja baada ya nyingine. Kuanzia Desemba 1941 hadi Agosti 1945 zimo zaidi ya siku 1,300, hivyo watu wawili wanaocheza siku moja ya vita kila jioni huhitaji takriban miaka minne kuufikia mwisho, muda uleule uliotumiwa na vita vyenyewe.

Mchezaji anayeshika upande wa Japani hupewa jeshi lenye nguvu na nchi yenye njaa. Japani yenyewe haina mafuta ya kutosha wala malighafi za kutosha. Mafuta yako Sumatra na Borneo. Kwanza lazima visima vitekwe, tena visiwe vimeharibiwa mno. Kisha mafuta ghafi yapakiwe katika meli za matangi na kusafirishwa hadi viwanda vya kusafishia. Mafuta yaliyosafishwa pamoja na malighafi ndiyo yanayoviendesha viwanda vizito. Viwanda vizito ndivyo vinavyozipa karakana uwezo wa kuunda meli. Na meli zikishushwa majini huanza nazo kunywa mafuta yaleyale.

Huo ni mnyororo, na mnyororo hukatika kwenye pete iliyo dhaifu. Mchezaji anaweza kuwa na visima vilivyojaa huko Palembang na viwanda vilivyozimwa huko Japani, kwa sababu tu alisahau kuandaa meli za matangi. Anaweza kuwa na mafuta tele bandarini na manowari isiyo na risasi, kwa kuwa bandari ile ni ndogo na haina vyombo vya kupakia makombora mazito. Katika mchezo huo mafuta ni kitu kimoja, chakula na vifaa ni kitu kingine, na wingi wa kimoja haufidii ukosefu wa kingine. Karani yeyote wa bohari ya kikosi anaijua sheria hiyo: gunia la ziada la mchele halifungi kidonda cha mgonjwa aliyekosa bandeji.

KIPI KIUNDWE KWANZA?

Uamuzi mgumu kuliko yote ni wa karakana. Meli kubwa huchukua miaka kuundwa, na kila siku ya kuiunda hula kazi ambayo ingeunda meli nyingine. Mchezaji anaweza kuharakisha meli moja na kusimamisha nyingine. Lakini anapoamua leo, anaamua mambo ya miaka miwili ijayo, wakati ambapo hajui vita vitakuwa wapi.

Historia inayo mifano ya pande zote mbili. Mwaka 1940 Japani ilianza kuunda Shinano, meli iliyokusudiwa kuwa manowari kubwa ya mizinga, ndugu wa Yamato na Musashi. Baada ya pigo la Midway la mwaka 1942 ikageuzwa kuwa meli ya kuchukua ndege. Ilikabidhiwa kwa jeshi tarehe 19 Novemba 1944. Siku kumi baadaye, kabla haijapigana vita hata kimoja, ilizamishwa na nyambizi ya Marekani iitwayo Archerfish. Chuma kingi na jasho la miaka mingi la mafundi vikaenda chini ya bahari.

Wakati huohuo meli za mizigo za Japani zilikuwa zikifa kwa kukosa walinzi. Nchi hiyo iliingia vitani ikiwa na meli za biashara zenye jumla ya tani milioni sita hivi. Makao makuu ya pamoja ya kusindikiza misafara yaliundwa mwezi Novemba 1943 tu, karibu miaka miwili baada ya vita kuanza. Hadi mwisho wa vita Japani ilikuwa imepoteza tani zipatazo milioni nane, zikiwamo meli zilizoundwa au kutekwa wakati wa vita, na zaidi ya nusu ya hasara hiyo ilitokana na nyambizi za Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 1945 njia ya mafuta kutoka kusini ilikuwa imekatika. Manowari zilizosalia zilibaki bandarini kama farasi waliokosa majani.

Upande wa pili, Marekani iliunda meli za mizigo za aina moja, zilizoitwa Liberty. Hazikuwa nzuri kwa sura wala hazikuwa na mwendo. Kila moja iliweza kubeba shehena ya karibu tani 10,000, na vipande vyake vilitengenezwa mbalimbali kisha vikaunganishwa kwa kuchomelewa. Ya kwanza, Patrick Henry, ilishuliwa mwezi Septemba 1941. Mwezi Novemba 1942 karakana moja ya Richmond, California, iliunda Robert E. Peary na kuishua kwa muda usiozidi siku tano, ili kuonyesha yanayowezekana. Kwa jumla ziliundwa meli 2,710. Mchezaji aliyeisoma historia hii hujifunza kuipanga foleni ya karakana yake kwa namna nyingine: meli ya matangi na mlinzi wake mdogo hupata nafasi kabla ya manowari ya fahari.

MAJI YA KUNYWA NA BANDARI YA KILINDINI

Somo la umbali lina ukurasa wake katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwezi Machi 1942 Amirali James Somerville wa Uingereza alishika uongozi wa majeshi ya majini ya Mashariki huko Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Katika orodha alikuwa na manowari tano kubwa na meli tatu za kuchukua ndege. Mtu anayehesabu mizinga peke yake angesema anatosha. Lakini nne kati ya manowari hizo zilikuwa za zamani, hazikuweza kukaa baharini kwa muda mrefu, na maji yake baridi yaliisha upesi.

Somerville aliwangojea Wajapani kusini ya Ceylon kwa siku chache. Hawakutokea, na tarehe 2 Aprili ilimbidi kuyapeleka majeshi yake Addu, katika visiwa vya Maldivi, ili yajaze maji na mafuta. Siku tatu baadaye Wajapani waliipiga Colombo. Tarehe 9 Aprili wakaipiga Trincomalee na kuizamisha Hermes, mojawapo ya meli zake za kuchukua ndege. Pengine kukosekana kwake kulimwokoa na hasara kubwa zaidi, kwani adui alimzidi nguvu. Lakini jambo moja ni dhahiri: saa ya kuondoka kwake haikuamuliwa na adui, wala haikuamuliwa na ushujaa. Iliamuliwa na matangi.

Baada ya mapigo hayo majeshi hayo yalihamia Kilindini, Mombasa, karibu maili 2,500 za baharini kutoka Colombo. Bandari iliyozoea pamba, kahawa na katani ikawa tegemeo la manowari. Makuli, mafundi na mabaharia wa pwani waliofanya kazi huko hawatajwi katika vitabu vingi vya vita, ingawa meli isiyopakiwa makaa, mafuta, nyama na maji ni chuma kinachoelea tu.

DAFTARI LA KWELI

Mchezo wa vita una adui mmoja anayeweza kuuharibu kuliko wote, naye ni mwongo wa hesabu. Mwezi Mei 1942 maofisa wa Japani walikutana ndani ya Yamato kuucheza mpango wa kushambulia Midway. Dadu za mwamuzi zilionyesha kwamba ndege za Marekani zimezipiga meli za kuchukua ndege za Japani kwa mabomu tisa, na kwamba Akagi na Kaga zimezama. Amirali Matome Ugaki, aliyekuwa akisimamia zoezi, aliamuru mabomu hayo yahesabiwe kuwa matatu tu. Akagi ikanusurika. Hata Kaga, iliyokubaliwa kuwa imezama, ilirudishwa mchezoni katika zoezi lililofuata.

Tarehe 4 na 5 Juni mwaka huohuo, Akagi na Kaga zilizama kweli, pamoja na Soryu na Hiryu. Hapakuwa na mtu wa kuyapunguza mabomu.

Kisa hicho chawahusu watu wa bohari kuliko watu wa mizinga. Daftari linaloonyesha mapipa mia wakati yapo sitini ni hatari kuliko bohari tupu, kwa sababu bohari tupu haimdanganyi mtu. Kamanda anayejua kwamba hana mafuta hubaki bandarini na kupanga upya. Kamanda aliyedanganywa huondoka, na huligundua kosa akiwa katikati ya bahari.

NAMBA NA WATU

Liko jambo ambalo mchezo wowote, uwe wa sakafuni au wa kompyuta, hauwezi kulionyesha. Meli ya kusafirisha askari inapozama mezani, mchezaji hupunguza namba fulani, hukunja uso, kisha huendelea na siku inayofuata. Familia za Afrika Mashariki zinajua namba hiyo ni nini.

Mwezi Februari 1944 msafara wa meli tano za askari uliondoka Mombasa kwenda Colombo. Mojawapo iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwamo watu wapatao 1,500: askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, mabaharia, na wauguzi wa kike. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa torpedo. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Msafara ulikuwa na walinzi, nao wakaanza kuisaka nyambizi. Mabomu ya kina yalitupwa mahali palepale ambapo walionusurika walikuwa wakiogelea, kwa kuwa nyambizi ilijificha chini yao na meli nyingine za askari zilikuwa bado hatarini. Mwishowe manowari Petard na Paladin ziliiangamiza I-27. Watu karibu 1,300 wa Khedive Ismail walikufa. Waliookolewa walizidi 200 kwa wachache tu.

Siku ile walinzi wa msafara huo walikuwa meli tatu: Hawkins, ambayo ilikuwa manowari ya zamani, na hizo mbili ndogo, Petard na Paladin. Meli za kusindikiza zilihitajika katika kila bahari, na kila iliyopelekwa mahali pamoja ilikuwa imeondolewa pengine. Huko ndiko inakofika mistari ya karakana iliyoandikwa miaka miwili kabla. Ofisa anayeamua ni walinzi wangapi waundwe na ni manowari ngapi zingoje, anaandika kwa wino juu ya karatasi nyeupe. Jibu lake husomwa baadaye katika nyumba ambayo mama anangojea barua kutoka kwa mwanawe.

Kwa sababu hiyo mchezo wa vita, ukichezwa kwa uaminifu, una faida kwa askari wa cheo chochote. Humzoeza kuanza hesabu kutoka nyuma kwenda mbele: kwanza kurudi, kisha kukaa, kisha kwenda, na mwisho kabisa kupiga. Humfundisha kwamba mpishi, fundi wa mitambo, dereva wa lori na karani mwenye funguo za bohari wamo katika mstari wa vita sawa na mshika bunduki. Na humfundisha kuiheshimu namba iliyo mbele yake, kwani nyuma ya kila namba pana majina ya watu.

Mabaharia wa zamani wa pwani walikuwa na msemo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nahodha anaweza kutembea kutoka nyuma ya chombo hadi mbele, akatazama tanga na upepo na upeo wa bahari. Mwisho atashuka chini, palipo na shehena na maji, aone kilichobaki.